Springi za Protais

Shemeji yangu Protais ametengeneza magazini za bunduki kwa miaka kumi na moja, na hajawahi kufyatua risasi hata moja. Watu wakisikia hivyo huniangalia mimi, si yeye, kana kwamba mimi ndiye niliyemtunga. Sikumtunga. Anakaa ghorofa ya tatu hapa Hjulsta, Uswidi, mimi ya nne, na chumba cha kufulia tunakigombania kila Jumapili. Namwita shemeji kwa sababu mke wake, Natacha, ni rafiki yangu wa miaka mingi. Wao ni Warundi, mimi ni mtu wa Kigoma, na Kiswahili chao walikiokota kwetu, katika kambi ya wakimbizi. Nawakumbusha hilo kila wakijifanya wajuaji.

Protais ana miaka hamsini na mitano, mfupi, mikono yake mikubwa kuliko inavyostahili mwili ule. Mchana ni fundi wa kufuli na milango katika majumba ya kupangisha kule Sundbyberg. Mpangaji akipoteza ufunguo, huitwa Protais. Mlango ukivimba kwa unyevu ukagoma kufunga, huitwa yeye. Siku moja aliitwa kwenye handaki la kujikinga na mabomu, chini ya jengo moja, kutengeneza kufuli la kabati la chuma. Handaki lenyewe lilikuwa limekodiwa na klabu ya kulenga shabaha. Angejua, asingeshuka.

Kabati likafunguka, na ndani mlikuwa na magazini zaidi ya mia. Kwa asiyejua, magazini ni kile kisanduku kinachobeba risasi na kuchomekwa kwenye bunduki. Ndani yake mna springi inayosukuma risasi juu, moja baada ya nyingine. Springi ikichoka, risasi inakwama njiani na mpigaji anabaki ameduwaa. Protais aliona moja imeachwa wazi mezani, springi imetoka nje, na mkono wake ukaenda wenyewe. Mwenyekiti wa klabu, mzee Mikael, fundi umeme wa treni aliyestaafu, alimkuta akiibonyeza kwa kidole gumba huku amefumba macho. Protais akamwambia kwa Kiswidi chake cha kazini, "Hii imechoka. Ile pale bado." Mikael akazipima zote mbili. Ilikuwa kweli.

Tangu hapo kila Jumatano jioni yuko huko. Mara moja nilimsindikiza, kwa umbea tu, nikaona kwa macho yangu. Wazungu wanane watu wazima walikuwa wamesimama kimya kuzunguka meza yake wakingoja aseme, na yeye anasikiliza springi kama daktari anavyosikiliza kifua cha mtoto. Mtu akitaka kupiga shabaha, Protais hujifungia chumba cha pembeni, anavaa vile vikinga masikio vikubwa, anaimba pambio la kanisani mpaka waishe. Wote wanajua na hakuna anayemcheka. Kwao ni fundi, na kwa Protais neno hilo ni kubwa kuliko nyumba. Alifika nchi hii akiwa mkimbizi tu, na pale handakini ndipo alipopewa jina la kazi kwa mara ya kwanza.

Natacha hajawahi kushuka huko. Ukimtajia klabu anaanza kupanga vyombo.

Halafu serikali ikaleta pendekezo. Kwa ufupi, magazini zinazobeba risasi nyingi kupita kiwango fulani zisikae tena mikononi mwa watu kama ilivyokuwa. Klabuni paliwaka moto. Wazee walisema wao wamehesabiwa, wana leseni, wana makabati yenye kufuli mbili, sasa wanaadhibiwa kwa makosa ya watu ambao hawajawahi hata kuomba leseni. Mikael akapanda juu ya kiti na kuwaambia kila mtu aiandikie wizara. Si klabu peke yake, kila mtu kwa mkono wake.

Usiku ule ule ningelala vizuri kama Protais asingepanda ngazi. Ilikuwa saa mbili, taarifa ya habari haijaisha.

"Shemeji," akasema, bado ana koti, "serikali inataka kukataza kitu. Sawa?"

"Sawa."

"Halafu, mbele ya kukataza, inatuuliza tunaonaje?"

"Ndiyo. Ndivyo wanavyofanya hapa. Pendekezo linazungushwa, wenye maoni wanaandika, ndipo wanaamua."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

"Na asiye raia?"

"Hata paka wako akijua kuandika."

Alivua koti, akakaa kwenye kiti cha jikoni, akaomba karatasi. Nimeishi hapa miaka ishirini na mbili na utaratibu huo nilikuwa nauona kama ratiba ya takataka. Kumbe kuna mtu unaweza kumfunulia jambo hilo akaliona muujiza. Siku hiyo na mimi niliuona kwa macho yake, nikashangaa nilivyokuwa sishangai.

Tuliandika barua. Maneno ni yake, kunyoosha Kiswidi ni kazi yangu. Alisema hivi: "Mimi natengeneza magazini. Sijapiga risasi na sitapiga. Watu wa klabu yetu wameandika majina yao kwenu, mnajua kila kufuli lao lilipo, na kufuli nimelifunga mimi. Wanaopiga watu risasi katika mtaa wangu hawajawaandikia kitu. Mkizuia, mtazuia wale tu wanaowasikiliza." Nikamwambia atie jina kamili na anwani, kwa sababu barua isiyo na jina ni takataka. Hilo nalikiri, nililisema mimi, tena kwa ukali. Alishika kalamu kwa muda mrefu kabla ya kuandika. Kesho yake asubuhi alikwenda kuitumbukiza kwenye sanduku la posta karibu na stesheni, pamoja na bahasha nyingine Natacha alizompa azitume.

Wiki tatu zikapita. Alikuwa anatembea amenyooka, anasalimia hadi watu asiowajua. Kisha binti yao, Alliance, akaharibu. Hakukusudia. Walikuwa mezani, yeye na simu yake, akamwambia baba yake kwa Kiswidi kwamba barua kama zile mtu yeyote anaweza kuzisoma. Yeyote. Anakwenda tu anaomba, anapewa, na jina limo.

Natacha alinipigia simu. "Mama Clementina, njoo. Mtu wako amekaa chooni hatoki."

Nilimkuta amekaa juu ya kifuniko, mlango wazi, kofia kichwani. Akanieleza jambo ambalo kwa miaka yote ya ujirani hakuwahi kulisema. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Walimu sita waliandika barua kuomba paa la shule litengenezwe, wakatia sahihi zao chini. Ulipofika mwaka wa sabini na mbili, mwaka ambao Warundi wanauita Ikiza, yaani balaa, wasomi walipouawa kwa maelfu, walimu wale walichukuliwa kwa mpangilio ule ule wa sahihi. Baba yake alikuwa wa tatu. Protais alikuwa na miaka miwili, na yote hayo aliambiwa na mama yake kambini, kila mwaka, siku ya kwenda shule. Jifunze kusoma, alimwambia, lakini jina lako usiliache kwa watu.

"Na ombi langu la uraia," akasema, "lina miaka mitatu liko kwao. Wataweka barua hii upande huu na ombi upande huu. Basi."

Ningeweza kumwambia kwamba hapa si kule. Nilianza kusema, nikaona aibu. Mimi baba yangu alikufa kwa sukari, hospitali, amezungukwa na watoto wake. Niliuliza tu anataka nini.

"Nataka barua yangu irudi. Twende wote. Nikiingia peke yangu na nisitoke, nani atasema?"

Basi Alhamisi nikaomba ruhusa shuleni Rinkeby, ninapolea watoto wadogo, tukapanda treni ya chini mpaka mjini. Alikuwa amevaa suti ya arusi. Mfukoni alikuwa na karatasi aliyoiandika mwenyewe, bila msaada wangu, isemayo kwamba yeye Protais anaondoa maneno yake yote na anaomba radhi. Mlangoni pa wizara walinzi wawili walitukagua mikoba, wakatutakia siku njema. Protais akawapa mkono, mmoja baada ya mwingine. Walishangaa lakini wakaupokea.

Aliyekuja kutuhudumia alikuwa mama mwenye mvi fupi na sweta lililotoboka kiwiko, msajili wa barua zinazoingia. Nilimwambia tumefuata barua za pendekezo la magazini. Protais alikuwa amejiandaa. Alisimama wima, akatoa kitambulisho chake na kukishika mbele kwa mikono miwili.

Mama yule akakirudisha kwa upole, hata hakukitazama.

"Hapana," akasema. "Kama mnataka kusoma barua za pendekezo lile, siruhusiwi kuwauliza ninyi ni nani. Wala kwa nini mnataka."

Protais alidhani hakuelewa Kiswidi. Akanigeukia. Nikamrudishia kwa Kiswahili, neno kwa neno. Akaomba mama arudie tena, na mama akarudia. Sheria inamkataza.

"Anakatazwa kuuliza jina," Protais akasema polepole.

"Ndiyo, shemeji."

"Yeye. Mtu wa serikali. Anakatazwa."

"Ndiyo."

Akatafuta kiti, akakaa. "Kwetu ndilo waliuliza la kwanza," akaniambia. "Kila kizuizi barabarani. Jina. Kabla ya maji, kabla ya salamu." Akavua miwani, akaifuta kwa tai yake, na nikaona amestaajabu mpaka amesahau kuogopa. Miaka ishirini na mbili nalipa kodi hapa, na sikujua kwamba kuna swali ambalo serikali imejikataza yenyewe.

Kisha akakumbuka alichokuja kufanya. Akaeleza kwamba ameandika barua na anataka irudi. Mama akatikisa kichwa, si kwa ukali. Barua ikishaingia haitoki, akasema, si ya wizara tena, ni ya watu wote. Lakini anaweza kuandika nyingine kwamba ameiondoa, nayo itapewa namba na kuwekwa pamoja na ile ya kwanza, na zote mbili zitasomwa. Protais akagusa mfuko. Mama akamwambia asiharakishe, kwanza aisome tena. Akaenda, akarudi na majalada mawili mazito, akatuonyesha meza kando ya dirisha.

Barua zilikuwa mamia, zimepangwa zilivyofika. Tulianza kufunua tukitafuta yake, lakini Protais hakuweza kupita bila kusoma. Mwindaji mmoja wa kaskazini alikuwa ameandika kurasa kumi na nne za hasira, na mchoro. Bibi mmoja aliandika mstari mmoja tu kwamba serikali imepotea kabisa. Mikael alikuwemo, amepiga mistari chini ya maneno kwa kalamu nyekundu. Mwingine amemwita waziri jina ambalo siwezi kuliandika hapa, halafu akaweka jina lake, anwani na namba ya simu. Protais alisoma hiyo mara mbili, akafuatisha sahihi kwa kidole bila kuigusa.

"Huyu yuko hai?" akauliza.

"Yuko hai, anakunywa kahawa kwake."

Zilikuwepo pia za waliounga mkono, chache, ya daktari mmoja, ya mama aliyefiwa na mtoto. Zote zilikaa ndani ya jalada moja na zile za hasira, zimetobolewa matundu yale yale mawili.

Yake ilikuwa na namba mia mbili na kumi na mbili. Aliitazama sahihi yake, nami nilikuwa nimeshaanza kumwambia atoe ile karatasi ya mfukoni. Halafu, sijui kwa nini, akafunua ukurasa mmoja mbele.

Namba mia mbili na kumi na tatu ilikuwa na anwani yetu. Ghorofa ya tatu. Jina lilikuwa la Natacha.

Ile bahasha aliitumbukiza mwenyewe, asubuhi ile ile, kwa mkono wake. Alidhani ni ya chama cha wafanyakazi.

Alinisukumia jalada nisome kwa sauti, kwa sababu herufi zilimkataa. Nilisoma kwa Kiswidi, kisha nikaanza upya kwa Kiswahili. Natacha aliandika kwamba anaunga mkono pendekezo. Aliandika kwamba mume wake ni mtu mwema, anafanya kazi na vitu hivyo, na kwamba barua ya mume wake ni ya kweli kwa upande wake, nayo isomwe kwa heshima. Kisha akaandika hivi:

"Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mtu alisimama mlangoni kwetu na bunduki. Nililala chini ya kaka zangu wawili na nikahesabu milio, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya. Ilifika thelathini ikanyamaza. Akachomeka magazini nyingine, nayo ikakwama. Akaipigapiga kwenye goti. Nilihesabu mpaka tisa, nikainuka nikapita dirishani. Kama ya kwanza ingekuwa na risasi kumi, labda kaka yangu mdogo angepita na mimi. Sijui. Lakini najua tisa ni ndefu kiasi gani. Naomba muwape watu wengine hizo tisa mara nyingi iwezekanavyo."

Hakusema mtu yule alikuwa wa upande gani. Wameoana miaka ishirini na sita, nami nimekaa jikoni kwa Natacha zaidi ya nilivyokaa jikoni kwangu, na hakuna kati yetu aliyewahi kusikia. Alimwambia mama wa sweta lililotoboka. Aliiambia nchi nzima, akatuacha sisi.

Protais hakulia. Aliweka mikono yake mikubwa juu ya kurasa zile mbili, mmoja huku, mmoja kule, na akakaa hivyo mpaka mama msajili akaja kuuliza kama tunahitaji nakala. Alisema ndiyo, za hizo mbili. Mama akauliza vipi kuhusu kuiondoa ile yake. Protais akatazama jalada lile, na unene wake wote.

"Acha ikae," akasema.

Tulirudi kwa treni ile ile. Kufika Hjulsta nilitaka kupitiliza kwangu, lakini akanishika mkono wa koti. Natacha alikuwa anapiga pasi sare ya kazi, ile ya nyumba ya wazee. Protais akaweka nakala mbili juu ya ubao wa pasi. Natacha akazitazama, akazima pasi, akaisimamisha.

"Umeisoma," akasema.

"Nimeisoma. Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza lini?" Hakusema kwa ubaya. "Wao waliuliza."

Nilitaka kuondoka, nikaishia mlangoni.

"Unaiondoa yako?" Natacha akauliza.

"Siiondoi. Bado naona hivyo. Wale wazee hawajamkosea mtu. Na wewe?"

"Siiondoi."

"Basi zitakaa pamoja."

"Zikae."

Protais aliinua mikono yake, akaitazama kama vitu alivyoazimwa na mtu. "Mama Alliance, miaka kumi na moja," akasema. "Kila Jumatano. Kazi yangu mimi ni hiyo tu, kwamba zisikwame."

Natacha alikuja upande ule wa ubao. Akaichukua mikono ile, yote miwili, akaifunga ndani ya yake.

"Najua," akasema. "Wewe ni fundi. Ile moja tu namshukuru Mungu hukuitengeneza wewe."